Kanuni ya Sita ya Bwana Godfrey

Kezia Raistrick alikuwa hakai wala hatulii. Tangu asubuhi anatoka jikoni kwenda mlangoni, anarudi, anageuza mikate ya shayiri aliyokwisha kuigeuza, anafagia palipofagiliwa, anachungulia dirishani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chumba cha juu binti yake Tirza alikuwa anakohoa, na kila akikohoa Kezia aligonga sufuria kwa mwiko ili majirani wasisikie. Siku ya tatu hiyo anagonga sufuria. Sasa niambie, mjane anayeishi peke yake anapika nini siku tatu mfululizo?

Kisa ni nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, nisikufiche: matofali mekundu, paa la vigae, vyumba viwili vya kulala, kisima mlangoni. Mama yake Kezia alikufa bila kukanyaga nyumba kama ile. Ilikuwa mali ya Bwana Godfrey Thirkell, kama zilivyokuwa zake nyumba zote za kijiji cha Skelbeck, na mashamba, na msitu, na hata kanisa ukiuliza ni nani anayemchagua mchungaji. Nyuma ya kila mlango Bwana Godfrey alikuwa ametundika kanuni kumi na moja za kuishi humo. Ya sita ilisema mtoto mzima aliyeondoka kwenda kutafuta kazi kwingine asilale kwa wazazi wake zaidi ya usiku mmoja bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mzazi atakayevunja kanuni, ahame.

Tirza aliondoka miaka mitano iliyopita kwenda kusokota sufu katika kiwanda kimoja cha mji wa Bradford. Alirudi Jumanne, kwa miguu, kwenye theluji ya mwezi wa pili, mifupa mitupu, kifua kimejaa vumbi la sufu. Leo ni Ijumaa. Na Kezia alitaka jambo moja tu duniani, wala hakulionea haya: mwanawe alale chini ya paa lake mpaka apone, na akishapona aendelee kulala papo hapo.

"Mama, keti basi," Tirza alisema kutoka ngazini. "Kukutazama tu kunanichosha."

"Wewe rudi kitandani."

"Si nirudi tu Bradford nikalale kwa mwenzangu Hana? Utafukuzwa bure kwa ajili yangu."

"Kwa Hana mnalala wanne kitanda kimoja. Kunywa uji, nyamaza."

Tirza akarudi kitandani. Kezia akavua aproni, akajitanda shali nyeusi ya kanisani, akaondoka zake kwenda kwa Bwana Godfrey kuomba ruhusa. Goti lilimuuma njia nzima, na njia nzima alikuwa anajisemesha.

Bwana Godfrey alikuwa katika chumba chake cha vitabu, naye vilevile hakai. Mtu wa miaka hamsini na mitano, mrefu, nywele nyeupe zimesimama, anatembea kutoka dirishani hadi mekoni huku anaandika kwenye karatasi aliyoiegemeza kiganjani. Karatasi nyingine zilikuwa sakafuni, kwenye viti, mpaka juu ya mbwa.

"Kezia, ingia, ingia, usisimame mlangoni kama mgeni. Goti lako vipi?"

"Linauma, bwana, ahsante."

"Nitakuletea ile dawa ya kuchua. Mwaka jana ilikusaidia."

Alikumbuka. Alikumbuka goti la kila mtu Skelbeck, na majina ya watoto waliokufa, na ng'ombe wa nani ana chuchu mbovu. Enoki, mumewe Kezia, alipokuwa anakata roho, Bwana Godfrey aliketi naye saa mbili nzima ameshika beseni kwa mikono yake mwenyewe. Ukitaka kumchukia mtu yule, shughuli unayo.

Kezia akamweleza. Alieleza vibaya, ameanzia katikati, lakini alieleza. Bwana Godfrey akaacha kutembea.

"Saa ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili, bwana. Kazi ikibana, kumi na tatu."

"Na chakula?"

"Wanakula wamesimama, mashine zinakwenda."

Machozi yakamtoka. Si ya kujisingizia, yalimtoka kweli, akayafuta kwa mkono wa koti kama mtoto. Kisha akaanza tena kutembea, kasi kuliko mwanzo.

"Unaona, Kezia? Unaona? Hawa wenye viwanda wanasema kila mtu ajitafutie, mshahara ni mapatano, basi. Msichana akiharibika kifua, si juu yao. Na wale wengine wa mjini wanapiga kelele kila mtu apewe kura ajitawale. Wote wamepotea. Nchi hii ilikuwa na jambo la zamani kuliko hayo yote. Mkubwa anamtunza mdogo, mdogo anamtii mkubwa, na wote wawili wanalala usingizi. Mimi ni mhafidhina, ndiyo, lakini uhafidhina wa kulinda mifuko yetu peke yake ni uchoyo tu. Nimewaambia hayo watu wa chama changu London. Wananicheka. Wananiita babu." Akachukua karatasi sakafuni, akaitazama, akaitupa. "Naandika kitabu. Miaka minane naandika, na kila nikimaliza sura naona bado."

"Ndiyo, bwana. Sasa kuhusu ile kanuni ya sita."

Hapo Bwana Godfrey akaketi. Kezia akajua mambo yameharibika, kwa maana yule bwana hakuketi ila anapokataa.

"Unayakumbuka mabanda ya baba yangu?"

"Nimezaliwa humo, bwana."

"Watu tisa chumba kimoja. Homa ilipoingia tulizika kumi na wanne kwa wiki mbili. Nilikuwa kijana, nilihesabu majeneza nikiwa kwenye ngazi za nyumba hii, na baba yangu anakula. Niliapa siku ile. Ndiyo maana nikajenga upya, ndiyo maana nikaweka kanuni ya sita. Watoto wakirudi na waume zao na wapangaji wao, mwaka haupiti tumerudi kulekule."

"Lakini chumba changu cha juu kitupu, bwana. Tangu Enoki afe nalala peke yangu."

"Leo wewe. Kesho mzee Outhwaite, ana wana watatu mjini."

"Mimi si Outhwaite."

"Najua, wewe ni bora kuliko Outhwaite. Ndiyo maana nakutegemea uwe mfano kwa wenzako." Akamwinamia, sauti laini kabisa. "Jumamosi ijayo kuna mkutano mkubwa Bradford, wa kudai sheria ya saa kumi tu za kazi kwa siku. Mimi nitahutubia. Mlete Tirza, asimame karibu nami, watu wamwone. Mpaka siku hiyo alale kwako, nimeruhusu. Baada ya hapo nitampangia chumba mjini kwa mjane mmoja mcha Mungu. Nitalipa mimi."

"Ahsante, bwana," Kezia alisema.

Lilimtoka lenyewe. Miaka hamsini neno lile lilikuwa linatoka lenyewe. Alipofika nje akasonya kwa nguvu hadi bata wakaruka, na hasira aliyokuwa nayo hakujua aielekeze wapi, kwa maana hakuna lililokosewa hata moja. Alikuwa ameombwa aingie, ameulizwa goti, ameliliwa mwanawe. Na mwanawe hana pa kulala.

Jumamosi hiyo uwanja wa Bradford ulijaa hadi juu ya kuta. Bendera, matarumbeta, watoto wa viwandani wamepangwa mistari na utepe mweupe kifuani. Bwana Godfrey alisimama juu ya gari la farasi, Tirza pembeni yake amevikwa koti la kuazima, Kezia chini, mkono kwenye gurudumu. Upepo ulikuwa unakata. Kezia hakusikiliza nusu ya hotuba, macho yake yalikuwa kwenye miguu ya binti yake, aone kama inatetemeka.

Lakini alisikia jina la Tirza. Bwana Godfrey alisimulia yote: saa kumi na mbili, chakula cha kusimama, kohozi. Alisimulia vizuri kuliko Kezia. Wanawake wakalia. Kisha mwanamume mmoja, mfumaji ukimtazama vidole vyake, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Hayo tumesikia, baba. Na kura zetu je, baba?"

Watu wakacheka. Bwana Godfrey naye akacheka, hakuudhika.

"Mtoto hapigi kura kuchagua baba," alisema. "Na baba hapigi kura kuchagua kama atamlisha. Anamlisha. Nawaambia mbele ya Mungu na mbele ya magazeti: mimi nina paa, na madhali nina paa, mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi yangu hatakosa paa. Kila mwenye ardhi na kila mwenye kiwanda angesema hivyo, nani angehitaji kura?"

Uwanja ukalipuka. Kofia zikarushwa. Yule mfumaji hakurusha yake, alitikisa kichwa tu. Kezia alikuwa amekaza mkono kwenye gurudumu hadi kucha zimekuwa nyeupe. Alikuwa amelisikia neno lile moja, akalishika. Mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi yangu hatakosa paa. Si ndivyo alivyosema? Maelfu ya watu wamesikia. Mbele ya magazeti.

Bwana Godfrey alikuwa ameagiza Tirza apelekwe kwa yule mjane mcha Mungu siku ileile. Kezia hakumpeleka. Alimrudisha Skelbeck kwenye gari la muuza viazi, na Jumapili baada ya ibada akamshika mkono, wakapanda ile barabara ya changarawe hadi nyumba kubwa, wakaenda mlango wa mbele. Nasema wa mbele. Kezia hakuwahi kuugusa mlango ule maishani mwake. Akagonga.

Alifungua Bi Pickersgill, msimamizi wa nyumba, mwanamke aliyevaa funguo kiunoni kama wengine wanavyovaa nishani.

"Kezia, una wazimu? Mlango wa nyuma."

"Wa nyuma ni wa wafanyakazi. Huyu ni mtoto wa nyumba."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Bwana Godfrey. Amesema mwenyewe jana, watu elfu kumi wamesikia. Kwangu hawezi kulala, kanuni ya sita inamkataza. Basi nimemleta kwa baba yake."

"We Kezia, utapata taabu."

"Nimeshaipata. Kamwite."

Bwana Godfrey alitoka na kitambaa cha mezani shingoni, nyuma yake mgeni mmoja kutoka London, bwana mdogo mwenye kizibao cha hariri, aliyeona kisa kile akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

"Amekukamata, Thirkell," alisema. "Haki ya Mungu, amekukamata kwa maneno yako."

Na Kezia alikuwa amedhamiria hivyohivyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Bwana Godfrey ataona aibu mbele ya mgeni, atakohoa, atasema haya, haya, Kezia, mrudishe kwako, nakuandikia karatasi. Alikuwa ameshaifikiria ile karatasi, hata mahali atakapoibandika.

Bwana Godfrey hakuona aibu. Alisimama anamtazama Kezia, kisha Tirza, na uso wake ukafunguka polepole kwa furaha.

"Hajanikamata," alimwambia mgeni. "Amenifundisha. Miaka minane naandika na sikuliona hili. Kezia, umesema kweli. Bi Pickersgill, kile chumba juu ya pa kufulia, kina meko?"

"Kina, bwana, lakini..."

"Washa moto. Tirza, mwanangu, ingia."

Akamshika Tirza bega, akamwingiza ndani. Tirza akageuka mara moja kumtazama mama yake. Kisha mlango ukafungwa, na Kezia akabaki kwenye ngazi za mawe akiwa mikono mitupu, amepewa yote aliyoyaomba.

Tokea siku hiyo Kezia hakujua tena kuketi. Alikuwa akianza kufua anaacha, anaanza kushona anaacha. Alipewa kumwona binti yake Jumapili, saa moja baada ya ibada, jikoni kwa Bi Pickersgill. Na ukweli lazima usemwe: Tirza alinenepa. Supu ya nyama, maziwa, mayai mawili kila asubuhi kwa amri ya bwana. Daktari alitoka mjini kumsikiliza kifua. Kufika mwezi wa tano kikohozi kilikuwa kimebaki kidogo. Angeweza Kezia kumpa mayai mawili kila asubuhi? Thubutu.

Lakini nywele zilikatwa, kwa sababu za usafi. Kuamka saa kumi na moja, sala, kufundishwa kusoma, kukunja mashuka, sala. Na wageni. Bwana Godfrey alikuwa ameanzisha sura mpya ya kitabu chake kutokana na siku ile ya mlangoni, na kila mgeni aliyekuja, mbunge, askofu, mabibi wa mjini, aliitiwa Tirza.

"Nimesimulia mara kumi na saba, mama," Tirza alisema Jumapili moja, huku anakuna mkate kwa ukucha bila kuula. "Saa kumi na mbili, chakula cha kusimama, kohozi. Wanalia. Jana nilikosea nikasema saa kumi na moja, bwana akanisahihisha, kwa upole. Siku hizi naisikia kama habari ya mtu mwingine."

"Vumilia. Nitakutoa."

"Utanitoa unipeleke wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye kugonga sufuria?"

Kezia akamwambia ale mkate.

Mwezi wa sita habari zikaja kutoka London kwamba sheria ya saa kumi imepita. Wanawake na vijana wa viwandani, saa kumi kwa siku, basi. Kengele za Skelbeck zilipigwa hadi mpigaji akachubuka viganja. Bwana Godfrey alichinja ng'ombe, akaweka meza uwanjani, akazunguka na sinia akimpakulia kila mtu yeye mwenyewe. Alipofika kwa Kezia alikuwa amelowa jasho, macho yanang'aa.

"Tumeshinda, Kezia. Na nina habari yako. Dada yangu anaishi Devon, kando ya bahari. Hewa ya huko ni dawa ya kifua, daktari amesema. Amekubali kumchukua Tirza awe mtumishi wake wa chumbani. Jumatatu anaondoka. Nauli, nguo, kila kitu nimekamilisha."

"Devon," Kezia alisema. "Ni wapi huko?"

"Kusini. Siku tatu hivi."

"Atarudi lini?"

"Arudi kufanya nini? Maisha yake yatakuwa kule. Mahali pema, Kezia, nyumba ya heshima."

Kezia akaweka sahani chini. Kwa mara ya kwanza aliona hasira yake imepata pa kwenda.

"Hukuniuliza."

"Nikuulize?" Bwana Godfrey alishangaa kwa dhati kabisa. "Ungekataa. Ungemtaka karibu, mama gani asingemtaka karibu? Lakini karibu si pazuri kwa kifua chake. Ndiyo kazi ya baba, kuamua lile ambalo mama hawezi."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Nimemnyonyesha, nimemfunza kutembea, na nitamwamulia mimi. Namrudisha nyumbani leo hii. Kanuni yako ya sita nimeichoka. Unifukuze, nifukuze."

Watu wa meza ile waliacha kutafuna. Bwana Godfrey akageuka mwekundu, kisha mweupe. Aliumia. Ungempiga kofi angeumia kidogo zaidi ya hapo, si sana.

"Nimewakosea nini, Kezia?"

"Hujatukosea, bwana. Ndiyo taabu yenyewe."

"Na mimi je?"

Wakageuka wote wawili. Tirza alikuwa amesimama na birika la bia mikononi, kofia nyeupe kichwani, amesikia yote.

"Mwanangu, kusanya vitu vyako," Kezia alisema.

"Mama, mmekuwa wawili sasa. Yeye ameamua Devon, wewe umeamua nyumbani. Nina miaka ishirini na miwili. Nani ameniuliza?"

Neno hilo lilimwingia Kezia ubavuni, kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu Jumanne ile ya theluji alikuwa amemwambia binti yake alale, anywe, anyamaze, asimame, atembee, agonge mlango wa watu. Hakumuuliza hata siku moja. Haikumpitia kichwani kwamba kuna la kuuliza.

"Haya," alisema. "Unataka nini?"

"Nataka Bradford."

"Kiwandani? Kulekule kulikokuua?"

"Sasa ni saa kumi, na wanaotoka ni wengi, nafasi zipo. Yule Hana amepata chumba kingine, tutalala wawili. Jioni kuna watu wanakutana kusoma magazeti, wafumaji. Nikilipwa Jumamosi, changu ni changu. Hakuna atakayenikata nywele." Akaweka birika mezani. "Ulinitunza, bwana. Sitasahau, nimepona kwa mayai yako. Lakini sitaki kusimulia tena."

"Kifua kitarudi kuwa kibaya," Bwana Godfrey alisema.

"Pengine."

Aliondoka alasiri hiyohiyo. Bwana Godfrey aliamuru gari la farasi litayarishwe limpeleke, Tirza akalikataa, akasema atakwenda kwa miguu kama alivyokuja. Kezia alimfungia mikate kwenye kitambaa. Alitaka kumwambia avae shali, ajifunike kifua, asipite njia ya juu penye upepo, maneno yamejaa mdomoni mpaka meno. Akayameza yote. Akamkumbatia, akamwachia. Kumwachia kulimuuma kuliko kumzaa.

Wakabaki getini wawili, yeye na Bwana Godfrey, wanatazama ile kofia nyeupe inapanda kilima. Huko juu wakaiona ikivuliwa na kuwekwa juu ya ukuta wa mawe. Nyuma yao watu walikuwa wanaimba, wameshalewa sherehe. Bwana Godfrey alikuwa hatulii, anafungua komeo la geti, analifunga, analifungua.

"Atarudi," alisema mwishowe. "Majira ya baridi yakifika, kifua kikimshika, atarudi. Wote hurudi."

"Akirudi, bwana, atalala wapi?"

"Hilo tutaliangalia siku hiyo. Utakuja, utaniomba, nitakusikiliza. Unajua nakusikiliza, Kezia."

"Atalala kwangu," Kezia alisema. "Chumba cha juu. Usiku mmoja, au mia moja, au mpaka nife, kama atakavyotaka mwenyewe. Na wewe utanitoa nyumbani kwako au hutanitoa, utaamua hapo."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakupa habari. Sikuombi."

Bwana Godfrey akamtazama kana kwamba amezungumza lugha ya Wafaransa. Kezia akamngoja kidogo, kwa adabu, kama ana la kusema. Basi akamwacha pale getini, akashuka zake kwenda nyumbani kukanda unga, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kuoka.